TAHADHARI: Anayeuza tiketi za Fenway (uwanja wa besiboli wa Boston, Marekani) kwenye magrupu yetu ni TAPELI, katuuzia viti vilevile familia mbili

Wadau habari za leo, hasa mlioko Worcester, Lowell na Boston. Nimekaa na hili jambo wiki mbili nzima kwa aibu, baba watoto ananiambia achana nalo, dola 270 zimeshaenda, lakini juzi rafiki yangu wa New Jersey kanitumia tangazo lililowekwa kwenye grupu lao, maneno yaleyale mpaka vikatuni vyake vilevile, safari hii anauza tiketi za Yankees, timu ya besiboli ya New York, kulekule Bronx. Nikasema basi, aibu ikae pembeni.

Iko hivi. Mwezi wa sita baba mdogo na mama mdogo walikuja kututembelea kutoka Tanga. Sasa huyu baba mdogo ana wazimu wa besiboli, msicheke. Mwanawe alisoma Azania pale Dar, na Azania kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, wanauita Koshien kama ule wa kwao Japani, basi mzee alikuwa akienda kumwangalia kijana anacheza na ugonjwa ukamshika hukohuko. Mtu wa Coastal Union tangu utoto leo anakukalisha kitako akufundishe straiki ni nini. Hata begi hajafungua kaniuliza, mwanangu, Fenway ni mbali kutoka hapa?

Na anaujua kuliko mimi niliyekaa huku miaka tisa. Kwamba Fenway Park ndio uwanja mkongwe kuliko vyote vya ligi kuu, ulifunguliwa Aprili 1912, wiki ileile iliyozama Titanic. Kwamba upande wa kushoto kuna ule ukuta wa kijani, Green Monster, unapanda mita 11 na ushee. Na kwamba kule nyuma upande wa kulia, kwenye majukwaa ya wazi, katikati ya viti vya kijani kuna kiti kimoja tu chekundu, ndipo ulipotua mpira wa Ted Williams, mchezaji wa zamani wa Red Sox, timu ya Boston yenye uwanja huo, mwaka 1946, futi 502 kutoka alipopigia. Alichotaka mzee ni kukiona hicho kiti kwa macho yake. Kumbukeni hiki kiti, kuna mahali nitakirudia.

Nikaingia kwenye apu ya tiketi kuangalia bei. Jumamosi aliyokuwa na nafasi kila mtu ikaangukia Red Sox na Yankees, hawa ni kama Simba na Yanga, bei zake hazishikiki. Sisi tuko sita, mimi, baba watoto, watoto wawili na wageni wawili, kila tiketi iko juu ya dola mia, nikafunga simu. Kosa langu la kwanza ni kwenda kuuliza kwenye grupu la WhatsApp la watu wa nyumbani, kuna mtu ana mchongo wa tiketi za Fenway? Haikupita nusu saa mtu kanifuata pembeni.

Dada shikamoo. Ndivyo alivyoanza. Shikamoo jamani! Profaili yake ana picha kavaa kanzu na kofia, Kiswahili chake kimenyooka, ananitumia na voisi, unamsikia kabisa huyu ni mtoto wa nyumbani. Ananiambia yeye ana tiketi za msimu mzima, mechi zote 81 za nyumbani, sasa kazini wamembadilishia shifti, Jumamosi hiyo hawezi, ana viti sita mstari mmoja, nimpe 45 kwa kila kiti. Nikamuuliza mbona chee hivyo, akajibu hivi, nanukuu kwa sababu kwa rafiki yangu pia kasema hivihivi: "dada kule kwenye apu wanakubambika makato mwisho, kwangu hakuna makato, tunasaidiana wageni". Nami nikaona kweli, maana zamani ndivyo ilivyokuwa, unaona 60 ukifika kulipa ni 85. Lakini tangu Mei 2025 kuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayowabana wauza tiketi waonyeshe bei nzima na makato yake tangu mwanzo, kwa hiyo hiyo hoja imeshapitwa na wakati, ukimsikia mtu anakwambia hivyo jua anatumia kaseti ya zamani.

Nikamwambia baba yangu mdogo anataka kukiona kile kiti chekundu. Akasema "aaah dada hivi viko palepale, mnakiona kabisa, sekta 12". Nikafurahi nikaenda kumpa mzee habari njema, mzee naye akanyamaza kidogo akaniuliza, 12? Mbona kiti kile kiko sekta 42. Nikamwambia baba mdogo huyu mtu ana tiketi za msimu, yeye ndiye anayejua. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Majukwaa ya wazi ya Fenway yanaanzia sekta 34 mpaka 43, sekta 12 ni jukwaa lenye paa, mbali kabisa na hicho kiti. Mzee wa miaka sitini na tano kutoka Tanga kaijua ramani, mimi niliye mwendo wa treni moja kutoka uwanjani nikamwambia anyamaze.

Hela akataka kwa Zelle, ile ya kutumiana hela benki kwa benki. Jina lililotokea kwenye Zelle ni la mwanamke, na yeye ni mwanaume. Nikamuuliza, akasema ni wifi yako huyo, akaunti yangu ina shida. Nikatuma zote 270 mara moja. Zelle kwa msiojua si kama kulipa kwa kadi, ukishatuma na mpokeaji ameshajiandikisha hela imeingia kwake dakika hiyohiyo, huwezi kuisimamisha njiani, imetengenezwa kwa ajili ya kutumiana na watu unaowajua.

Baada ya hapo ikaanza danadana. Jumatatu anasema tiketi haziruhusiwi kufowadiwa mpaka Ijumaa. Ijumaa anasema apu inasumbua. Usiku wa saa tano akanitumia skrinshoti sita, zina nembo, zina tarehe, zina ile misimbo ya kuskeni, sekta 12, kiti 1 mpaka 6, akasema onyesha hizo getini, mimi kila siku nawapa watu wanaingia. Nikamshukuru! Nikamwombea na dua!

Jumamosi tukatoka Worcester na treni. Hapa niwape la maana angalau kwa wanaopanga kwenda, msihangaike na gari, kuegesha karibu na Fenway siku ya mechi ni kunyonyolewa, treni ya Worcester inasimama Lansdowne na ukishuka uwanja uko hapo mbele yako, wikendi tiketi ya dola 10 unapanda siku zote mbili mpaka uchoke na watoto wa miaka 11 kushuka chini hawalipi. Wa Lowell nyie mtashukia North Station kisha mnachukua Green Line mpaka Kenmore. Mabegi ya mgongoni acheni nyumbani, na keshi zenu hazina kazi ndani, ni kadi tu. Haya yote niliyajua, nikayapanga vizuri, maji ya watoto, kofia za jua, kila kitu, kitu nisichokihakiki ni tiketi tu.

Tukafika Jersey Street, pale nje siku ya mechi ni kama sikukuu, muziki, moshi wa soseji na vitunguu, baba mdogo anapiga picha kila ukuta. Tukapanga foleni. Dada wa getini akaangalia simu yangu hata hakuskeni, akasema skrinshoti hatupokei, fungua kwenye apu. Namwambia nimetumiwa hivihivi, anarudia, fungua kwenye apu. Mpigie huyo kaka wa kanzu sasa. Simu inaita, haipokelewi, mara ya tatu haiiti tena, picha ya profaili imeondoka. Nimeblokiwa.

Tumesimama pembeni, mtoto wangu mdogo ameshaanza kulia, nasikia nyuma yangu mama mmoja anabishana getini kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kenya. Nikageuka nikamsalimia kwa Kiswahili. Simu iko mkononi, nikaona nembo ileile. Nikamwambia samahani mama, wewe sekta ngapi? Kanitazama akasema 12. Kiti? Cha 1 mpaka cha 4. Nikamwonyesha yangu. Akasema "aki ya nani, hata nyinyi mmeuziwa na huyo bro wa kanzu?" Yeye katokea Lowell, kamleta mama yake mzazi aliyekuja kutoka Nakuru, kaliwa 200. Tukabaki tunatazamana, halafu tukacheka jamani, kicheko cha mtu aliyelizwa, watu wanapita wanatushangaa.

Tukaenda dirisha la tiketi la uwanja wenyewe, kijana pale alikuwa na roho nzuri, akaeleza taratibu kwamba tiketi ya kweli inaishi ndani ya MLB Ballpark, apu ya ligi kuu ya besiboli, kwenye akaunti ya mtu, na ukiuziwa na mwenyewe anakufowadia, wewe unaipokea, inahamia kwenye akaunti yako na kwake inatoweka. Mpaka itoweke kwake, bado ni yake. Anaweza kukutumia picha wewe na watu wengine hamsini. Na hizi zetu kwa maoni yake hazikuwa hata za kuibwa, zilitengenezwa tu, maana hata maandishi yalisema majukwaa ya wazi sekta 12, kitu ambacho hakipo.

Mwishoni tulinunua mbili tu kwenye apu ya kuuzia tena, pale nje tumesimama, bei sisemi. Baba mdogo na mwanangu mkubwa wakaingia, sisi wanne tukaenda kuangalia kwenye tivii ya mgahawa wa pembeni. Kwa haraka yangu sikusoma maandishi madogo yaliyosema Obstructed View, yaani mbele yako kuna nguzo. Fenway ni ya zamani, paa la lile jukwaa limeshikwa na nguzo za chuma na zipo katikati ya watu, mzee kakaa nyuma ya nguzo mechi nzima, anamwona anayerusha, anayepiga hamwoni. Lakini kwenye mapumziko alimchukua mjukuu wake wakatembea wakitafuta mahali pa kuchungulia mpaka wakakiona kiti chekundu kwa mbali. Picha yake imetoka kanukta kekundu tu. Ndiyo kaiweka kwenye simu kama picha ya mbele mpaka leo.

Benki yangu walisema nilituma kwa hiari yangu, watafungua kesi lakini nisitegemee. Nimeripoti FTC, wale wa serikali wanaolinda wateja, kwenye ReportFraud.ftc.gov, na FBI wana IC3.gov kwa utapeli wa mtandaoni, ni fomu tu, haiulizi makaratasi ya uhamiaji, msiogope kama nilivyokuwa naogopa mimi. Admini wa grupu letu kamtoa, ila kumtoa si dawa, kama nilivyosema yuko New Jersey na namba nyingine, kanzu ileile.

Kwa hiyo mkitaka kununua kwa mtu, na watu wa kweli wapo, mwambieni afowadi kwanza, tiketi iingie kwenye akaunti yako, uione na jina lako, ndipo ulipe, na ulipe kwa njia inayoweza kudaiwa, kadi ya mkopo au PayPal ya bidhaa, sio ile ya kutumiana marafiki maana ile hailindwi. Akikataa akaanza "dada huniamini?" mjibu ndiyo, sikuamini. Mnaoona tabu kabisa nunueni kwa timu yenyewe au SeatGeek, apu ya tiketi ambao ndio wana mkataba rasmi na ligi, na muangalie mechi za Jumanne Jumatano na timu zisizo na jina, bei inashuka sana. Na wa Worcester wenzangu tusijisahau, tuna WooSox hapahapa Polar Park, uwanja mpya wa 2021, hawa ndio vijana wa daraja la chini kidogo wa Red Sox, tuliwapeleka wageni Jumatano iliyofuata wote sita na hela ilibaki ya kununulia watoto aiskrimu. Baba mdogo alikaa mstari wa tatu, hakuna nguzo.

Mama wa Lowell kama uko humu nicheki, nilisahau kukuomba namba kwa ile purukushani. Na yeyote aliyeuziwa Fenway sekta 12 kuanzia kiti cha 1, au aliyeona lile jina la mwanamke kwenye Zelle, nitumie skrinshoti zako na tarehe uliyolipa, naziunganisha na ripoti yangu. Mpaka sasa tumefika watatu.