Najisi Isiyooshwa kwa Maji: Uhakiki wa Riwaya ya Mulk Raj Anand

Riwaya ya mwandishi wa India Mulk Raj Anand iitwayo Untouchable, yaani "Asiyeguswa", mtu wa tabaka la chini kabisa katika jamii ya Kihindu ambaye kumgusa huhesabiwa kuwa najisi, ilichapishwa London mwaka 1935, na kisa chake kizima kinaanza alfajiri na kwisha jioni ya siku hiyo hiyo. Mhusika mkuu ni Bakha, kijana wa miaka 18, mwana wa mkuu wa wafagiaji katika mji wa Bulashah nchini India, ambaye kazi aliyorithishwa kwa kuzaliwa ni kusafisha vyoo vya wengine.

Sisi tumezoea kwamba najisi huondolewa kwa maji. Kwa familia ya Bakha unajisi ni wa damu, na maji yenyewe ndiyo waliyokatazwa. Sura iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ya kisimani: dada yake, Sohini, anafika na mtungi mtupu na kulazimika kungoja chini ya ngazi pamoja na wenzake, kwa sababu mtu wa tabaka lao akikikaribia kisima, maji yote huhesabiwa kuwa yamechafuka, hivyo hawana budi kusubiri mpaka apite mtu wa tabaka la juu aliye tayari kuwatekea. Anayemtekea Sohini ni Kali Nath, kuhani wa hekalu, kisha anamwagiza aende kusafisha uani kwake. Huko anamshika kwa nguvu, na binti anapopiga kelele, kuhani ndiye anayelalamika kwamba ametiwa najisi. Mkono ule haukuogopa unajisi wowote mpaka ilipotokea hatari ya watu kusikia.

Bakha naye, akitembea mjini na jalebi, vitamu vya kukaanga, alizonunua, anamgusa mpita njia bila kukusudia. Anazingirwa, anatukanwa, anapigwa kofi, jalebi zinamwagika chini, na tangu hapo anatembea akipaza sauti kuwatahadharisha watu kwamba mfagiaji anapita. Lililonihuzunisha zaidi ni jibu la babake. Mzee Lakha anamsimulia jinsi alivyomlilia tabibu nje ya mlango alipokuwa Bakha mtoto mwenye homa kali, hadi tabibu akaja, na kwa kisa hicho anataka kumshawishi mwanawe kwamba wakubwa wana wema. Ni mzazi anayempenda mwanawe na kumfundisha kuinama.

Mwisho wa kitabu ndipo ninapotofautiana na mwandishi, ambaye mwenyewe hakuzaliwa katika tabaka hilo. Bakha anamsikiliza mmisionari, kisha Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru wa India, kisha mshairi anayesifu vyoo vya kuvuta maji. Wote wanasema, yeye yuko kimya. Ilhali mwaka 1927, miaka minane kabla ya riwaya kutoka, B. R. Ambedkar, mzaliwa wa jamii ya wasioguswa, aliwaongoza watu wake katika mji wa Mahad, magharibi mwa India, wakanywa maji ya bwawa la umma kwa mikono yao wenyewe. Katika kisima cha Anand hakuna hata mmoja anayepanda ngazi.

Hata hivyo ninakipendekeza kwa dhati, ingawa Kiingereza chake kimejaa misemo ya Kihindi na Kipunjabi na kinadai subira. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilifuta desturi ya kutogusana, lakini mwaka 2013 bunge la nchi hiyo lilihitaji bado kutunga sheria ya kukataza watu kuajiriwa kuzoa kinyesi kwa mikono, kazi ile ile aliyoamshwa kuifanya Bakha katika kurasa za mwanzo.