TAHADHARI: Jamaa anayeuza "skolashipu" za basketi Marekani

Wazazi wenye watoto wanaocheza basketi, hasa hapa Mombasa, Kilifi na Nairobi, someni hii kabla hamjatuma hata shilingi moja.

Kuna jamaa anazunguka kwenye mashindano ya shule na kambi za likizo akijitambulisha kuwa wakala wa vyuo vya Marekani. Simtaji jina kwa sababu anayo zaidi ya moja, na mambo yake yamefikishwa polisi. Ni mtu wa kupendeza, ana adabu, na simu yake imejaa picha akiwa amesimama na wachezaji warefu. Anamtazama kijana robo moja tu, kisha anamfuata mama yake huko alikokaa: "Mama, huyu wako ni wa Division One", yaani daraja la juu kabisa la michezo ya vyuo vya Marekani. Jioni hiyo hiyo mama anapokea kwenye WhatsApp orodha ya ada. Ada ya kusajiliwa NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani), ada ya kuthibitisha matokeo, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), na kitu anachokiita "dhamana ya nafasi". Zote zinatumwa kwa M-Pesa, nambari ya mtu binafsi, na jina linalotokea si lake.

Mama wa kijana mmoja wa timu yetu ya vijana alitoa zaidi ya laki mbili, nyingi zikiwa za chama. Alicholetewa ni barua, nami nimeishika mkononi. Nembo ya chuo imevutwa mpaka herufi zimepasuka. Aliyetia sahihi ni "Mkurugenzi wa Skolashipu" na anwani yake ya barua pepe ni ya Gmail. Inasema kijana amepewa ufadhili kamili wa michezo, na chuo chenyewe kiko Division III, daraja la tatu la NCAA. Basi hapo hapo uongo umejianika: vyuo vya Division III havitoi ufadhili wa michezo, hata senti. Vinaweza kumsaidia mwanafunzi kwa alama zake au kwa hali ya familia, lakini si kwa sababu anadunda mpira. Vyuo vya Ivy League, Harvard na wenzake, ni hivyo hivyo ingawa vinacheza Division I.

Ukurasa wa pili ulikuwa "National Letter of Intent", barua ya mchezaji kuahidi kujiunga na chuo, mzazi atie sahihi ndani ya saa 48, la sivyo nafasi inakwenda kwa kijana wa Nigeria. (Kila mara ni kijana wa Nigeria, sijui kwa nini.) Mpango wa barua hizo NCAA ilishaufuta Oktoba 2024. Barua ya huyu mama ni ya 2025. Siku hizi mchezaji anatia sahihi mkataba wa ufadhili wa chuo chenyewe, unaotoka ofisi ya chuo, na humo mmeandikwa kinalipa nini: karo, malazi, chakula, vitabu, au sehemu tu ya hivyo.

Sasa jambo ambalo ndilo biashara yake hasa. Anachouza si ufadhili, ni "ustahiki": anawaambia wazazi kwamba yeye ndiye "anayempitisha" mtoto NCAA. Hakuna binadamu anayeweza kuuza hicho. Wanaoamua kama mtoto anastahili kucheza mwaka wa kwanza Division I au II ni watu wa NCAA Eligibility Center, na mtoto anajisajili mwenyewe kwenye tovuti yao kwa barua pepe yake. Akaunti ya kuanzia ni bure. Ile kamili ya mwanafunzi wa nje ya Marekani inalipiwa kwa kadi moja kwa moja, na haifiki dola 200. Jamaa alidai Sh65,000 kwa hiyo peke yake.

Na alipobanwa, alituma picha ya skrini yenye nambari ya NCAA ya kijana, kama ushahidi kwamba "amekubaliwa". Nambari hiyo hata mimi na kipara changu nikijisajili leo usiku naipata. Haina maana yoyote zaidi ya kwamba umejisajili. Uamuzi wa mwisho haufanywi mpaka chuo kinachomtaka mtoto kimweke kwenye orodha yake ya wachezaji kinaowaombea uamuzi huo. Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto ameshaidhinishwa na hakuna chuo hata kimoja kilichompigia simu, mwulize: kimemwombea chuo gani?

Kinachoangaliwa ni masomo. Kozi 16 za msingi kuanzia mwaka wa tisa wa shule, ambao kwa mfumo wa 8-4-4 ni Form One: Kiingereza, hisabati, sayansi, masomo ya jamii, lugha nyingine na kadhalika. Somo la michezo halimo. Wastani wa kozi hizo, kwa kipimo cha Marekani cha hadi 4.0, usipungue 2.3 kwa Division I na 2.2 kwa Division II. Matokeo yetu hayasomwi kwa kipimo cha Marekani moja kwa moja. NCAA wana mwongozo wao wa kila nchi, na Kenya wanataka cheti cha KCSE, siyo ripoti za muhula pekee. Waliosoma Kongo kwa Kifaransa wanahitaji hati zao pamoja na tafsiri ya Kiingereza. SAT haitakiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai, na vingi vinataka mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Kwa hiyo wakala anayesema "alama si kitu, urefu unatosha" mwondokee. Dikembe Mutombo mwenyewe, yule Mkongo aliyekuja kuwa nyota wa NBA, pamoja na urefu wake wote, alikwenda Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa masomo wa USAID, akitaka kusomea udaktari.

Mahali ambapo huyu jamaa anageuka kutoka mwizi wa pesa kuwa mharibifu wa maisha ni hapa. Kijana mwingine alikuwa na D ya hisabati. Jamaa akajitolea "kuisafisha", na kumtengenezea cheti kipya cha kuzaliwa kimpunguzie miaka miwili, kisha arudie Form Four shule nyingine. Baba yake, Mungu amweke, alikataa. Fikirieni kilichokuwa kinamsubiri. Matokeo ya KCSE chuo kinaweza kuyathibitisha KNEC, baraza la mitihani. Ikigundulika yameghushiwa, kucheza kumekwisha. Na hati hizo zikiwa zimepelekwa ubalozini, sheria ya uhamiaji ya Marekani humfungia mlango wa viza mtu aliyedanganya kwa makusudi, na kifungo hicho hakina mwisho wa miaka. Anayeghushi ni wakala, lakini jina na sahihi ni za mtoto. Hata huko kurudia darasa hakumsaidii kama anavyohubiri: Division I huhesabu kozi zilizosomwa ndani ya muda wa kawaida wa sekondari, na baada ya hapo huruhusu kuongeza moja tu. Akikaa nje miaka akicheza ligi kusubiri bahati, anaweza pia kukatwa misimu ya kucheza.

Angalieni na mkataba wake. Kifungu kimoja kinasema familia itamlipa asilimia 20 ya thamani ya ufadhili utakaopatikana. Kinasomeka kama ungwana, kwamba asipoleta kitu hapati kitu. Kumbe kanuni za NCAA zinaruhusu kumlipa mtu ada ya kusambaza video na rekodi zako kwa vyuo, mradi ada hiyo isitegemee kupata nafasi yenye ufadhili. Ukitia sahihi ya asilimia, mkataba wenyewe unaweza kumtoa mtoto kwenye mchezo kabla hajafunga kamba za viatu.

Ada za viza anazichanganya kwa ujanja, kwa sababu baadhi ni za kweli. SEVIS ipo, ni dola 350. Lakini unailipa serikali ya Marekani mwenyewe mtandaoni, na huwezi kuilipa kabla ya kuwa na I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi iliyotoka chuoni, kwani nambari inayoanza na N iko juu ya fomu hiyo. Yeye aliidai wakati hata jina la chuo lilikuwa halijatajwa. Tena I-20 haitoki mpaka chuo kione karo na maisha ya mwaka vitalipwa na nani. Kama ufadhili ni nusu, nusu nyingine wataitafuta kwako. Hilo halisemi.

Wasichana na wavulana wadogo anawapa hadithi nyingine: wahamie sekondari ya Marekani kwanza. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Shule ya serikali huko, kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, haizidi miezi 12 na lazima ilipiwe gharama yake yote, kwa hiyo "shule ya bure" haipo. Na shule binafsi nazo zina yao. Mwaka 2018 mkuu wa shule moja ya Charlotte, North Carolina, alishtakiwa kwa kutumia shule yake kuwaombea viza wanafunzi wa kigeni wapatao 75, wengi wakiwa wachezaji, ambao hawakusoma pale. Alikiri na akafungwa. Watoto walikuwa wametawanywa kwa makocha na watu wasiowajua, hali yao ya uhamiaji imevunjika bila wao kujua.

Kama umemwona huyu mtu, au anayefanana naye, usimpe pasipoti, cheti halisi wala neno la siri la barua pepe ya mtoto. Tafuta simu ya ofisi ya michezo kwenye tovuti ya chuo chenyewe, si kwenye barua yake, upige uulize kama kocha anamjua mwanao. Washauri wa EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani kwa wanaotaka kusoma huko, wanaeleza haya yote bure. Na msidharau vyuo vya miaka miwili vya NJCAA wala vyuo vya NAIA, vyama vingine vya michezo ya vyuo nje ya NCAA, kwa sababu tu havionekani kwenye runinga. Vingi vyao vinatoa ufadhili wa michezo.

Waliokwisha kumlipa: msifute ujumbe wa M-Pesa wala sauti alizotuma WhatsApp, hata zile za kuaibisha. Pelekeni kituo cha polisi muandikishe mpate nambari ya OB. Kama ana akaunti ya NCAA ya mtoto, badilisheni neno la siri leo, na mwandikie Eligibility Center mapema kama kuna hati mnayoishuku aliipakia. Nimesikia amebadilisha laini na sasa anatangaza majaribio ya Agosti, kiingilio Sh3,000 kila mtoto.