TAHADHARI: anayeuza "pakeji ya sura ya pili" ni tapeli, mi nimeshaliwa

Wadau someni hii kabla hamjatuma hela kwa yule jamaa anayeuzia wanafunzi wa elimu pakeji za marejeleo ya sura ya pili ya tasnifu, ile ya kupitia maandiko ya wengine. Nimepigwa, na aibu niliyoipata jana simwombei hata adui.

Mada yangu ni tathmini darasani. Zilibaki siku nne nipeleke rasimu kwa msimamizi wangu wa tasnifu, nina marejeleo kumi na moja tu, nikalalamika kwenye grupu. Dakika kumi haijaisha jamaa yuko inboksi, ana makala 45 za tathmini darasani, zote zimepitiwa na wataalamu, zote zipo ERIC (hazina ya mtandaoni ya makala za elimu), kila moja na muhtasari na DOI yake (namba ya kudumu ya makala, ukiiingiza mtandaoni inakufungulia), we unapesti tu.

Sasa msinicheke, sikutuma hela hivihivi. Nilimwambia nionyeshe moja kwanza. Akaleta makala ya Black na Wiliam ya 1998, nikaingiza DOI ikafunguka palepale, jarida lilelile, kurasa 7 mpaka 74. Nikaitafuta Google Scholar, ipo, imenukuliwa na maelfu ya watu. Hapo nani asingeamini? Halafu akatuma voisi, sauti ya upole kabisa, "dada yangu nami nilihangaika hivyohivyo, ndo maana nawasaidia wenzangu". Dada yangu! Kidole kiko kwenye kutuma, moyo unasita nausikia kabisa, nikajiambia si Black na Wiliam wapo bwana, nikabonyeza. Kumbe chambo. Makala ile anaijua kila aliyewahi kusoma tathmini, hata ningemwuliza nani angenitajia bure.

Jana msimamizi kafungua faili mbele yangu. Hajasema kitu, kaenda namba 14, kakopi DOI, kapesti, ikaja makala ya ufugaji wa samaki. Namba 15, DOI haipo kabisa. Namba 22 mwandishi yupo kweli, jarida lipo kweli, ila hiyo makala hajawahi kuiandika na kurasa zilizotajwa ni za mtu mwingine. Mi nimekaa nasikia mausi tu, klik, klik. Akaniuliza "hii ulisoma ukurasa gani?" Nikanyamaza. Ndo akafungua ERIC yenyewe, akaandika maneno matatu ya mada yangu, akatiki kale kaboksi ka zilizopitiwa na wataalamu tu, zikaja kibao, nyingine na PDF kabisa. Bure! ERIC inagharamiwa na serikali ya Marekani tangu miaka ya 1960, unaingia hata akaunti huna, na mimi nimeuziwa, tena feki.

Usiku sikulala nikazikagua zote. 8 ndo safi. 12 zipo ila kwenye majarida ya mchongo, yale ya lipa leo tukuchapishe wiki ijayo, toleo moja lina elimu, uhandisi na magonjwa ya ng'ombe. Zilizobaki 25 hazipo duniani.

Dalili zilikuwepo, mi ndo sikutaka kuziona. ERIC namba ya EJ ni makala ya jarida, ED ni ripoti na nyaraka nyingine, yeye kaweka ED halafu pembeni kaandika jarida. Kuna ISSN, yaani namba ya utambulisho ya jarida, ina tarakimu tisa wakati zinatakiwa nane. Mihtasari yote inaongea lugha moja kama imetemwa na roboti. Na usikague ile anayokuchagulia yeye, mwambie nipe namba 30 uone atakavyoanza hadithi.

Ila mi nataka huyu mtu akamatwe jamani. Afungiwe laini, atolewe magrupu yote, kama ana cheti anyang'anywe, na kabla ya hapo afungiwe maktaba na ile listi yake, asitoke mpaka azipate zote 25 alizozitunga. Kuna watu watafeli kwa ajili yake, kuna watu wataitwa kwenye kamati ya nidhamu waambiwe wamebuni vyanzo na wao hata hawakujua. Mimi nimeponea chupuchupu kwa sababu ilikua rasimu tu.

Nimemwandikia anirudishie hela. Kasoma, kimya, kabadilisha picha ya profaili, na asubuhi hii anatangaza pakeji ya sura ya tatu.