Uzoefu wangu: Prague kwa bajeti ya begi la mgongoni, na lile dirisha la kubadilishia fedha

Duka lile la kubadilishia fedha, kwenye njia ya watalii kati ya uwanja wa Mji Mkongwe na Daraja la Charles, halistahili hata nusu nyota. Jina silitaji, maana ukilikwepa hilo utaangukia kwa jirani yake mwenye ubao uleule.

Ubao wenyewe ndio mtego. Nje wameandika 25 kwa tarakimu za kuonekana ng'ambo ya barabara, na chini yake "kamisheni 0%". Soko wakati ule lilikuwa linacheza kwenye koruna 25 (fedha ya Czech) kwa yuro, kwa hiyo bei inaonekana ya haki kabisa. Ila hiyo 25 ni bei ya wao kukuuzia yuro. Wewe unazo yuro, wao ndio wanunuzi, na bei ya kununua imejibanza ndani kwa maandishi ya kutafuta kwa tochi: 19. Kamisheni kweli hakuna, wameshaikata humo humo kwenye bei. Yuro 100 inazaa koruna 1,900 badala ya 2,500 hivi. Hizo 600 ni milo mitatu ya mchana, labda minne.

Dawa yake ni swali moja kabla noti haijapita dirishani: nikikupa yuro 100, unanipa koruna ngapi mkononi? Niliuliza. Dada wa dirishani akanionyesha 2,450 kwenye kikokotoo, akapokea noti, kisha akanihesabia 1,900 na risiti. Nilipomwambia arudishe, akasema biashara imekwisha, akavuta pazia. Pazia! Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nilitaka kusema ni ukarani wa enzi za kikomunisti, 1948 hadi 1989, lakini nitakuwa nawaonea wazee wa watu. Wizi huu ni wa soko huria mtupu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye faida. Tangu Aprili 2019 sheria ya Czech inakuruhusu kufuta ubadilishaji ndani ya masaa matatu, kwa kiasi kisichozidi thamani ya yuro 1,000, bila kutoa sababu wala kulipa chochote. Unarudi duka lilelile na risiti na koruna zote, unarudishiwa yuro zako. Risiti ina saa, kwa hiyo ipige picha papo hapo. Wakileta ubishi, taja Česká národní banka, benki kuu, ambayo ndiyo inayowasimamia. Niliitaja, pazia likafunguka, yuro 100 ikarudi bila neno. Kwa hiyo sheria naipa tano. Duka sifuri. Au moja, kwa kuwa hatimaye walilipa? Hapana, sifuri, kulipa kwa kuogopa si huduma.

Wanaokufuata barabarani na "bei nzuri" ni wabaya zaidi, kwa sababu hawana risiti, na noti wanazotoa huenda zikawa za nchi nyingine, forinti za Hungaria kwa mfano. Noti halali inaandikwa Česká národní banka. Ya 1,000 ina sura ya mwanahistoria Palacký, ya 2,000 ina mwimbaji wa opera Ema Destinnová.

Ukweli ni kwamba fedha taslimu si ya lazima sana. Tramu zina mashine ya kulipia kwa kadi, na tiketi ya humo haigongwi muhuri. Ile ya karatasi lazima uigonge, mara moja tu, kwenye kisanduku cha njano kabla ya kushuka ngazi za metro. Wakaguzi huvaa kiraia na hawana utani. Ukitaka koruna, tumia mashine iliyo kwenye ukuta wa benki, si zile zilizosimama peke yake dukani au kwenye kona za watalii, na ikikuuliza ikate kwa yuro au koruna, chagua koruna, ukatae kubadilishiwa na mashine. Ukikubali, umelirudia dirisha lile kwa mlango wa nyuma.

Mji wenyewe, nikipoa kidogo, unamfaa mwenye mfuko mwembamba. Tafuta neno polední menu, yaani menyu ya mchana, siku za kazi, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, upande wa Žižkov, Vršovice au Holešovice: mlo wa moto kwa bei ambayo jioni huipati. Maji ya bomba yananyweka. Tramu namba 22 inapita karibu na ngome ya Prague, na kuingia viwanja vyake ni bure; kinacholipiwa ni majengo ya ndani. Bustani ya Letná, iliyo kilimani, pia ni bure: pale ilipokuwa sanamu ya Stalin, iliyolipuliwa 1962, leo kuna metronomu kubwa (kipima mapigo ya muziki), na madaraja kadhaa ya mto Vltava yapo chini yako.

Nyota nne kwa Prague, basi. Nilitaka kutoa tano, nikakumbuka pazia.