Krimu ya jua yenye nano: ipi ununue Dodoma, ipi uiache dukani

Kwa mkulima wa zabibu Hombolo, dereva wa bodaboda au mtu mwenye ualbino, krimu ya jua si urembo. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jirani na ikweta, na kwa miezi mingi anga halina wingu. Wengi huogopa wakiona neno "nano" kwenye lebo. Hofu hiyo ina msingi, ila kinachoamua usalama hasa ni kama bidhaa ni ya kupaka au ya kupuliza.

Chembe za nano zina ukubwa wa nanomita 1 hadi 100. Zinki na titani, madini yanayozuia miale ya jua, hufanywa ndogo hivyo ili zisiache weupe usoni. Maabarani, zinki huua seli kweli: seli huimeza chembe, tindikali iliyomo ndani ya seli huiyeyusha, ayoni (chembe zenye chaji) za zinki zinajaa na seli inakufa. Lakini seli za maabara hazina kizuizi. Ngozi isiyo na jeraha ina tabaka la juu la seli zilizokwisha kufa, na karibu chembe zote hukwama hapo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta zinki kidogo mno ya krimu kwenye damu ya waliopaka kwa siku tano. Mapafu hayana tabaka hilo.

Namba moja ya kununua ni krimu ya zinki ya nano, SPF (kipimo cha kinga dhidi ya jua) 30 hadi 50. Soma nyuma ya chupa utafute "zinc oxide". Asilimia ikitajwa, chagua inayokaribia 20. Zinki huzuia miale ya UVB, inayounguza ngozi, na UVA pia, inayopenya ndani zaidi.

Ya pili ni ya titani, "titanium dioxide". Titani ikipigwa na jua huzalisha radikali huru, yaani molekuli kali zinazoumiza seli, ndiyo maana chembe zake hufunikwa. Ukiona "silica", "alumina" au "dimethicone" kwenye orodha, ni dalili nzuri. Dhidi ya UVA ndefu ni dhaifu, hivyo iliyochanganywa na zinki ni bora.

Ya tatu ni zinki nzito isiyo ya nano. Ni salama, ila huacha weupe, na mtu mweusi huishia kupaka kiduchu kisichomkinga. Kwa mwenye ualbino weupe huo hausumbui. Kwake tungeipandisha hadi ya kwanza.

Za kupuliza na za poda usinunue kabisa. Ulaya huruhusu zinki au titani ya nano hadi asilimia 25 kwenye krimu, lakini hukataza kwenye vipulizo vinavyoweza kuvutwa hadi mapafuni. Kwa upepo wa Dodoma, sehemu ya ulichopuliza utaivuta wewe au mtoto aliye karibu.

Usidhani kukosekana kwa neno "nano" ni uthibitisho kuwa hazimo. Ulaya hulazimisha liandikwe. Kwingine si lazima. Kagua alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na uikatae krimu yoyote inayoahidi pia kung'arisha ngozi: haidrokwinoni na zebaki, kemikali zinazotumika kung'arisha, ni hatari kubwa kuliko nano.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Uso na shingo vinahitaji nusu kijiko cha chai, kila mkono nusu nyingine. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili. Ukipaka mara tatu kwa siku, mililita 100 huisha ndani ya siku tano, kwa hiyo piga hesabu ya bei kwa mililita, si kwa chupa. Asiyemudu avae kofia pana na mikono mirefu, apake palipobaki wazi tu. Mwenye ualbino aulize kliniki ya ngozi kuhusu Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao na kugawiwa bure.

Usipake juu ya kidonda wala ngozi inayobanduka, maana hapo kizuizi hakipo. Chupa isikae kwenye gari juani: mafuta yakitengana na maji, zinki hujikusanya chini na kinga inakuwa ya mabaka. Ikifika hapo, itupe.