Mfereji au matandazo: bustani ya Bukavu kabla ya mvua za Septemba

Kiangazi chetu kinaisha Agosti. Septemba mvua inarudi, na huendelea hadi Mei, mara nyingi ikija na radi na upepo mkali. Kwa bustani iliyo kwenye mteremko wa Kadutu au Bagira, mitaa ya Bukavu, swali ni moja: nichimbe mfereji, au nitandaze majani makavu?

Matandazo ni rahisi. Majani ya migomba na mabua ya mahindi yanatosha. Yanapokea kishindo cha matone, hivyo udongo haugandi juu, na lengalenga (mchicha) haichafuki matope. Mahali pa tambarare ningeishia hapo.

Lakini mteremko mkali ni jambo jingine. Maji yakishapata kasi, yanabeba majani, mbegu na udongo wenyewe hadi kwa jirani wa chini. Mfereji unaokatiza mteremko unavunja kasi hiyo. Udongo uliochimbwa urundikwe upande wa juu, kisha upandwe mabingobingo. Mizizi inaushika, na mbuzi wanapata chakula. Kazi ni ngumu, tena mfereji unajaa matope na kudai kuzolewa baada ya kila mvua kubwa.

Kuna hatari moja inayonitia hofu kweli. Maji yakituama ndani ya mfereji juu ya nyumba, yanalowesha kilima, na kilima kilicholowa huporomoka. Upe mfereji mwinamo mdogo, uelekeze maji kwenye mtaro imara.

Mimi nachagua mfereji kwanza, uchimbwe sasa udongo ungali mkavu. Matandazo yafuate, kati ya mistari ya mboga.