Nimenunua vifaa vya dola 12 sokoni: tuvijaribu pamoja

Jambo yenu ndugu zangu! Mnanisikia? Hapo nje jirani anasaga unga wa bukari, mtanivumilia na hiyo mashine.

Haya. Mezani nina koleo dogo la kukatia, chuma cha kulehemu, kibano, na seti ya bisibisi ndogo, hizi turnevisi za kufungulia simu. Vyote nimevitoa soko la Mzee Kabila, hapa Lubumbashi, jumla dola 12. Hili koleo lilikuwa limeandikwa Germany kwenye mpini. Nimesugua kwa kidole gumba, Ujerumani ikafutika. Kwa hiyo maandishi tuyaache, tuangalie chuma chenyewe.

Tuanze na hilohilo koleo. Nalifunga taratibu, naliinua kwenye mwanga wa dirisha. Sogeeni. Mnaona kamstari kadogo ka mwanga, huku nyuma karibu na msumari wa katikati? Hako hakanisumbui. Kangekuwa huku mbele nchani ningemrudishia muuzaji palepale, maana kazi yetu yote tunakata kwa ncha. Sasa nachomoa uzi mmoja tu wa shaba kwenye waya laini, mwembamba kama unywele. Nakata… umekatika, tena kwa ncha. Koleo baya halikati uzi huu, linaukunja tu ukabaki umenasa katikati ya meno. Mkienda sokoni wekeni kipande cha waya mfukoni, mwombeni muuzaji mjaribu. Akikataa, meza ya pili iko hatua tatu.

Ila koleo la namna hii ni la shaba peke yake. Hili la zamani mpwa wangu alilikopa akakatia spoku ya baiskeli. Tazameni: pengo, kama jino lililong'oka. Na kuna mtego ambao hata mimi ulinichukua muda kuujua. Hii ni taa ya LED. Naleta sumaku kwenye miguu yake… imeshika! Mguu unang'aa kwa bati, ndani ni chuma. Hata rezista, vile vipande vidogo vya kupunguza umeme, nyingi za bei rahisi ziko hivyo. Unadhani unakata shaba, kumbe unalila koleo lako polepole. Miguu ya hivyo mimi naikatia hili lenye pengo.

Chuma cha kulehemu kimeandikwa wati 60, volti 220. Hapa hatuhitaji kubishana na mtu, mita ya kupimia umeme itasema. Chukua 220 mara 220, gawa kwa 60, unapata omu kama 807, ndio ukinzani ambao kingepaswa kuwa nao. Sijakichomeka, napima kwenye miguu miwili ya plagi… 1,150. Tugawe sasa: 48,400 kwa 1,150, ni wati 42. Na waya wa ndani ukipata moto omu zinaongezeka kidogo, kwa hiyo hata hizo 42 hazitimii. Tumeuziwa 60! Mimi kwa bei ile sikasiriki, 42 zinatosha kwa waya na rezista. Kwenye bamba kubwa la shaba ndipo kitalia.

Kipimo cha pili msikiruke: mita iwe kwenye megaomu, yaani mamilioni ya omu, ncha moja ya mita kwenye ncha ya kulehemu, nyingine kwenye kila mguu wa plagi. Namba isitokee kabisa. Ikitokea, umeme unavuja hadi kwenye kazi yako, utaua transista huku ukimlaumu aliyekuuzia transista. Hiki kimepita.

Kilichofeli ni ncha yake. Sisi watu wa hapa shaba hatufundishwi, lakini hili wengi hawalijui: bati la kulehemu likiyeyuka linaila shaba, linaiyeyusha kidogo kidogo. Ndiyo maana ncha nzuri ina shaba ndani ya kupeleka joto, na juu imepakwa chuma cha kuilinda. Sumaku inashika ncha ya hivyo. Hii yangu, tazama, sumaku inateleza tu. Siku 3 za kazi na tayari ina shimo hapa pembeni. Hii unaweza kuipiga tupa ikarudi sawa, kwa sababu haina cha kupoteza. Ila ukinunua ncha iliyopakwa, tupa usiisogeze kabisa. Ipanguse kwa sifongo yenye unyevu, na kabla ya kuzima iache imefunikwa na bati la kulehemu, isipate kutu.

Bisibisi. Hapa nitakuwa mkali. Seti ina vichwa 24: kuna PH00, ile ndogo ya msalaba, kuna ya nyota ya pembe 5 milimita 0.8 ya chini ya iPhone, kuna na ya Y iliyoingia na iPhone 7 mwaka 2016. Kwa macho ni nzuri. Napitisha tupa kwenye ncha hii… mnasikia? Inakwaruza, inang'ata. Chuma kigumu tupa ingeteleza. Nilifungua simu ya mteja kwa hii PH00, skrubu ya tatu ncha ikajizungusha kama kijiko kwenye uji, kichwa cha skrubu kikawa duara. Nilikaa nacho mpaka usiku, na hela sikumdai. Msinunue seti. Nunueni moja moja, mbili au tatu mnazotumia kila siku, hata kama moja itawagharimu bei ya hizi zote 24.

Kibano hakina maneno mengi. Ncha zinakutana, nikibana kwa nguvu hazipishani, na kinaokota rezista ndogo kama chembe ya mchanga bila kuirusha. Dola moja. Nilirudi nikachukua cha pili, na hicho mpwa wangu hajui nimekiweka wapi.